Siku ya matembezi ya wawili katika mji mkongwe wa pwani: ipangeni kwa maji, kivuli na miguu

Miji mikongwe ya pwani haichoshi kwa ukubwa, maana mingi unaweza kuikata kwa miguu kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa chini ya saa moja. Kinachochosha ni kuiingia kwa saa zisizo zake: kupanda ukuta wa ngome jua likiwa utosini, kufika ufukweni maji yamejaa hadi ukingoni, kutafuta chakula wakati uleule ambao abiria wa meli nzima nao wameshikwa na njaa. Maelezo haya ni ya watu wawili wanaotaka kutembea bila haraka, wakae, wazungumze, na bado waone mambo ya maana.

Anzeni na jedwali la maji

Kabla ya kuchagua hata sehemu moja ya kwenda, tafuteni saa za maji kujaa na kupwa za siku hiyo. Majedwali yapo kwenye intaneti kwa karibu kila bandari. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Kesho yake kila kitu huchelewa kwa takribani dakika 50. Ndiyo maana saa mlizopewa na mtu aliyekwenda wiki iliyopita ni hatari kuzifuata: baada ya siku saba, saa aliyokuta maji yamekupwa huwa karibu ndiyo saa ya maji kujaa.

Jedwali huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana, na 08:00 ni saa mbili asubuhi. Watu wengi husoma 08:00 wakaiweka kichwani kama saa nane, mpango wote ukapinduka. Namba ya mita inayofuata saa ni kimo cha maji kutoka alama maalumu ya maji ya chini sana, si kina cha pale mlipo. Katika nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi, baadhi ya majedwali hayaongezi hiyo saa moja. Someni maandishi madogo chini ya ukurasa.

Angalieni na mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti ni ndogo. Siku ya bamvua ni nzuri kwa anayetaka kuona miamba, madau yaliyokaa mchangani na misingi ya kuta ambayo kwa kawaida imefunikwa. Kwa anayetaka kuogelea bila kutembea mbali, maji mafu ni bora. Kuna pwani ambako jambo hili halina uzito, kama sehemu kubwa ya Mediterania, ambako bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Lakini Saint-Malo, Ufaransa, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia takribani mita 12 siku za bamvua kubwa. Hapo watu huvuka kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, na anayejisahau hubaki kisiwani hadi maji yashuke tena. Lindisfarne, Uingereza, barabara ya kwenda kisiwani hufunikwa na bahari kila siku, na magari yamekuwa yakinaswa humo ingawa saa salama za kuvuka hutangazwa.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gaweni tofauti yote katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 4, saa ya kwanza huleta kama sentimita 33 tu, na mtu hujiambia bahari bado imelala. Saa ya tatu huleta mita nzima.

Basi utaratibu ni huu. Ingieni kwenye mchanga au mwamba kama saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, na saa ile ya kupwa kabisa iwe ndiyo saa ya kugeuka, si ya kufika. Msingoje maji yawaguse miguu. Fungu la mchanga mnalosimama mara nyingi liko juu kuliko mkondo ulio kati yenu na nchi kavu, kwa hiyo maji yanayorudi hujaza kwanza huko nyuma, ninyi mkiwa bado pakavu mnaokota makombe. Hilo ndilo linalowanasa watu wenye akili timamu. Kwenye mwamba vaeni viatu vya soli ngumu kwa ajili ya urumba, yule nungu wa baharini, ambao miiba yake hukatikia ndani ya nyama, na msikanyage matumbawe yaliyo hai.

Mkishajua saa za maji, siku inajipanga yenyewe. Maji yakipwa asubuhi, ufuko kwanza na mji baadaye. Yakipwa alasiri, mji kwanza.

Mazungumzo ya jioni ya kabla

Urafiki hauharibiki kwa sababu ya ngome. Huchubuka kwa mambo madogo ambayo hayakusemwa: mmoja ana kiatu kinachombana, mwingine ana pesa kidogo kuliko alivyoonyesha, mmoja anataka kupiga picha kila mlango. Yasemeni mapema. Mtatembea umbali gani kabla ya kukaa? Kila mmoja ana kiasi gani cha kutumia? Ni kitu gani kimoja ambacho kila mmoja hataki kukikosa? Na ni saa ngapi mnataka kuwa njiani kurudi?

Hicho kimoja cha kila mtu, pamoja na kimoja cha wote, vinatosha kwa siku nzima. Jumla vitatu. Mkiweka sita mtakuwa mnakimbizana na saa, na nafasi za kukaa ambazo ndizo siku yenyewe zitakuwa za kwanza kukatwa.

Kwa pesa, njia inayoleta amani ni mfuko wa pamoja. Kila mmoja atoe kiasi sawa asubuhi, mmoja ashike, na kila malipo ya wote, yaani nauli, kiingilio, maji ya kunywa na chakula, yatoke humo. Ukiisha, mnaongeza sawa kwa sawa. Zawadi na vitu vya mtu binafsi hulipwa pembeni. Hakuna tena kuhesabiana nani alilipa mara ya mwisho.

Kubalianeni pia juu ya saa moja ya kila mtu kwenda zake, hasa kama mmoja anapenda makumbusho na mwingine anapenda kukaa tu. Hapo wekeni mahali pa kukutana palipo na paa na pasipo na mwenzake mjini: chini ya lango fulani, kwenye ngazi za mnara fulani. “Tukutane ufukweni” si mahali. Na simu zikizima, kila mmoja arudi hapo saa inapotimia kamili.

Vya kubeba

Begi moja jepesi kwa kila mtu. Ndani: maji ya kunywa lita 1.5 kila mmoja ya kuanzia, kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi, kitambaa laini kikavu, mfuko wa plastiki wa vitu vilivyolowa, pesa taslimu za noti ndogo, na ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kutoka.

Krimu ya jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi huwaangusha watu kwa kipimo, si kwa ubora. Mtu mzima mwenye mavazi ya kuogelea huhitaji takribani mililita 35 kwa mwili mzima, na kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo. Wengi hupaka nusu yake au chini. Pakeni dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, mrudie kila baada ya saa mbili na kila mnapotoka majini. Msidanganyike na upepo wa bahari: unapoza ngozi lakini hauzuii miale, ndiyo maana mtu huungua bila kuhisi joto. Kipimo kisichohitaji kifaa ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali na mnapaswa kuwa chini ya kitu.

Viatu viwe vilivyozoea mguu, vyenye soli ya mpira. Mawe ya vichochoro vya kale yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, na umande ukikaa juu yake huteleza sana. Ngazi za gati ni mbaya zaidi. Zitazameni: kuna mstari ambapo jiwe linabadilika kutoka rangi yake kwenda kijani kibichi. Mstari huo unaonyesha maji hufika wapi, na kila kilicho chini yake kina ute wa mwani usioonekana vizuri jiwe likiwa limelowa. Msishuke hapo bila kushika kitu.

Asubuhi ni ya bahari na kuta

Mkitaka kupanda chombo, pandeni asubuhi. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kuziba nafasi. Upepo huo huanza kusikika kuelekea saa tano na hupata nguvu alasiri. Bahari iliyolala saa mbili asubuhi inaweza kuwa na vilele vyeupe saa tisa mchana. Upepo ukivuma kinyume na mkondo wa maji, mawimbi hufupika na kusimama wima, na chombo kidogo hurusha maji juu ya kila mtu. Kabla ya kuingia hesabuni majaketi ya kujiokolea, yatoshe idadi ya watu, kisha mpatane kwa sauti: bei ni ya chombo au ya kichwa, ni ya kwenda tu au na kurudi, na kurudi ni saa ngapi. Ugomvi mwingi wa gatini hutokana na neno “kurudi” ambalo halikutajwa.

Kuta za ngome nazo ni za asubuhi au za jioni. Juu ya ukuta hakuna kivuli, na jiwe hurudisha joto kutoka chini. Kuta za Dubrovnik, Kroatia, zina urefu wa takribani mita 1,940 na ngazi nyingi. Ukizizunguka mlango unapofunguliwa ni matembezi mazuri, lakini ukizizunguka adhuhuri utakuwa unatafuta mahali pa kuegemea.

Angalieni pia ratiba ya meli za kitalii, ambayo bandari nyingi huitangaza. Meli ikiwapo, vichochoro vikuu hujaa kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri. Hiyo si sababu ya kuahirisha. Nendeni pembezoni saa hizo, mrudi katikati abiria wakishapanda.

Kuusoma mji

Anzeni gatini, si katikati. Mji wa bandari kwa kawaida umekua kutoka majini kwenda bara: gati, nyuma yake forodha, kisha maghala, kisha nyumba za wafanyabiashara, na ngome mahali ambapo mizinga iliweza kuutazama mlango wa bandari. Mkitembea kwa mpangilio huo, kila jengo linawaandaa kwa linalofuata. Mkianzia katikati, mnaona nyumba nzuri tu zisizohusiana.

Simameni mbele ya ukuta mmoja wa zamani muupe macho yenu kwa dakika tano. Chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti au kiuno, plasta imevimba kama malengelenge na ina unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vitundu vidogo vya jiwe yakiwa na chumvi, hukauka yanapofika usoni pa ukuta, na chumvi inayobaki hukua kuwa chembe zinazoisukuma plasta itoke. Chokaa ya zamani huruhusu unyevu utoke, kwa hiyo huchubuka kidogokidogo na kupakwa upya. Saruji ni ngumu na huuziba. Tafuteni kiraka cha kijivu kigumu kilichopasuka pembeni, na juu yake alama ya unyevu iliyopanda zaidi kuliko kwingine: hapo mtu alitengeneza ukuta wa chokaa kwa saruji, na maji yakatafuta njia nyingine. Mkishaiona alama hiyo mara moja, mtaiona mji mzima.

Vipimo vya nyumba navyo vinasema. Lamu na miji mingine mikongwe ya Waswahili, dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake unaofaa ni kama mita 2.5 hadi 3. Upana wa chumba ukafuata urefu wa mti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kokote mlipo, ulizeni swali hilohilo: ni kitu gani kilibeba paa, na kilitoka wapi?

Lango litazameni pande zote mbili. Galle, Sri Lanka, Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1588, Waholanzi wakaijenga upya na kuipanua katika karne ya 17, Waingereza wakaitwaa mwaka 1796. Lango lake la zamani lina nembo ya Uingereza upande wa nje, na upande wa ndani lina nembo ya VOC, kampuni ya biashara ya Waholanzi, yenye mwaka 1669. Anayepita bila kugeuka hupata nusu ya habari. Mwaka uliochongwa juu ya mlango nao usiuamini upesi: unaweza kuwa wa ukarabati, wa mlango peke yake, au wa jiwe lililohamishwa. Na kuta kama hizo si pambo tu. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipoupiga mji wa Galle, sehemu zilizo nje ya ngome ziliumia vibaya mno kuliko mji wa ndani.

Mizinga iangalieni kwa nyuma, karibu na tundu la kuwashia. Hapo ndipo mara nyingi huwa na alama ya mfalme au kampuni iliyoitengeneza. Wa chuma una kutu nyekundu, wa shaba una ukoga wa kijani. Katika bandari nyingi mizinga iliyochakaa ilichimbiwa wima ikawa nguzo za kufungia meli, na mtu huikalia bila kujua.

Ramani ya simu hupotosha kwenye vichochoro, kwa sababu kuta ndefu huzuia mawasiliano na setilaiti, na alama yenu itaruka nyumba mbili tatu. Tumieni mteremko: njia inayoshuka kwa kawaida inaenda majini. Mchana upepo nao husaidia, maana ukiupokea usoni kwenye njia panda, mbele yako huenda ndiko bahari iliko.

Kumbukeni kwamba milango hiyo ni ya nyumba za watu. Picha ya mtu huombwa kabla, na dirisha lililo wazi halichunguliwi. Lenzi ya simu ifuteni kila saa kwa kile kitambaa laini, kwani ukungu wa chumvi hauonekani kwa macho lakini hufanya picha zote ziwe kama zimepigwa nyuma ya pazia.

Adhuhuri, kaeni

Kuanzia saa sita hadi saa tisa msiwe na mpango wowote zaidi ya kula na kukaa. Kuleni mapema, kabla ya saa sita na nusu, au baada ya saa nane. Mikahawa ya mstari wa mbele inayotazama maji hulipia mandhari, nanyi mtalipia pia. Barabara mbili nyuma, mahali ambapo wafanyakazi wa bandari na maduka wanakula, chakula huisha na kupikwa kipya siku hiyohiyo.

Mkiagiza samaki, ulizeni kama vyombo vilitoka usiku. Bahari ikiwa imechafuka kwa siku mbili, samaki wa “leo” hawezi kuwa wa leo. Mbichi mzuri ana macho angavu yaliyotuna, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Akiuzwa kwa uzito, apimwe mbele yenu kabla ya kupikwa, na mjue kama anapimwa mzima au akishaparuliwa, kwa sababu tofauti si ndogo.

Kuogelea kufanyike ufukweni, kamwe si bandarini kwenye njia ya vyombo na mafuta. Kabla ya kuingia, tazameni mawimbi kwa dakika kumi. Sehemu inayoonekana tulivu na yenye rangi nzito katikati ya mawimbi yanayovunjika ndiyo mara nyingi mkondo wa kurudi baharini, na wageni huichagua kwa sababu ya utulivu wake. Ukibebwa, usipigane nao kuelekea nchi kavu. Elea, inua mkono kuomba msaada, kisha ogelea sambamba na ufuko hadi uutoke. Mmoja akiwa majini, mwingine awe anamtazama yeye, si simu.

Jioni na kurudi

Kabla ya kutafuta pa kukaa kutazama machweo, angalieni mji umeelekea wapi. Pwani inayotazama mashariki haina jua la kuzama baharini. Litazama nyuma ya mapaa, na kilicho kizuri wakati huo ni vyombo na mawingu upande wa maji yakipokea mwanga wa mwisho. Katika mji kama huo, anayetaka jua juu ya bahari aamke mapema. Karibu na ikweta giza huingia upesi, kama dakika 20 hadi 25 baada ya jua kuzama, kwa hiyo muwe mmeshashuka kutoka ukutani na kwenye ngazi za gati kabla ya hapo. Mbali na ikweta, wakati wa kiangazi, mwanga hukaa zaidi.

Usafiri wa kurudi upangeni asubuhi, si jioni. Lengeni kivuko au basi la kabla ya mwisho. La mwisho hujaa, na likifutwa kwa sababu ya bahari kuchafuka au ubovu wa chombo, hakuna jingine. Mkifika gatini ulizeni tena saa ya kuondoka, hata kama mmeisoma kwenye ubao, kwa sababu mahali ambapo vyombo hutegemea kina cha maji, ratiba huenda na maji.